Taa ya bei nafuu yatosha kukuza mwani tangini, ila usalama usipuuzwe

WENGI wanaotazama tangi la samaki wa baharini katika ukumbi wa hoteli au sebule ya jirani huvutiwa na rangi za samaki na mawe yaliyopangwa kwa ustadi. Ni wachache wanaotambua kwamba siri ya maji hayo maangavu mara nyingi imefichwa ndani ya kabati lililobeba tangi hilo.

Humo hukaa tangi la pili, dogo, lisilo na samaki. Ndani yake mna shada la mwani wa kijani linalogeuka polepole majini, na karibu yake taa moja inayowaka usiku kucha.

Tangi hilo dogo wafugaji wa samaki wa mapambo huliita refujiamu, jina lenye asili ya Kilatini na maana ya kimbilio. Ni kimbilio kwa sababu viumbe wadogo wa baharini, kama vile kopepodi, huzaliana humo bila kuandamwa na samaki. Baadhi yao husombwa na maji yanayorejeshwa na pampu hadi tangi kuu, wakawa chakula.

Swali linalowatatiza wengi wanaoanza ufugaji huu ni moja: taa ipi ndiyo ifaayo? Zipo taa zilizoundwa mahususi kwa kazi hiyo, ambazo baadhi huuzwa ughaibuni kwa zaidi ya dola 200 za Marekani. Zipo pia zile za kawaida za kumulika ua au baraza, zipatikanazo katika maduka ya vifaa vya umeme nchini kwa sehemu ndogo tu ya bei hiyo.

Mwani haujali chapa iliyobandikwa kwenye taa. Unachohitaji ni mwanga wa kutosha wenye rangi zifaazo, na taa ya kawaida ya LED ina uwezo wa kuutoa. Kwa hivyo, mahali pa kubana matumizi ni kwenye taa yenyewe. Pasipofaa kubaniwa hata senti moja ni kwenye vifaa vinavyomkinga mtu wakati umeme wa volti 240 unapokaa kabati moja na maji ya chumvi.

Mwani unavyosafisha maji

Samaki anapolishwa, kinyesi chake na mabaki ya chakula huoza na kutoa amonia, ambayo ni sumu kwake. Bakteria wanaoishi kwenye mawe na mchanga huigeuza amonia hiyo kuwa nitriti, kisha nitrati.

Nitrati haina makali ya amonia, lakini huzidi kujilimbikiza siku baada ya siku, pamoja na fosfati itokanayo na chakula. Zikikithiri, mwani usiotakikana hutanda kwenye vioo na mawe ya tangi kuu, maji hupoteza mvuto na matumbawe hudhoofika.

Kinachomkera mfugaji, hata hivyo, ndicho mbolea ya mwani. Akina mama wa Kibuyuni, Kaunti ya Kwale, wanaokuza mwani baharini kwa ajili ya soko, wanalifahamu hili kwa vitendo. Mwani wao hauhitaji udongo wala samadi. Hujichotea virutubishi majini na kutumia mwanga wa jua kujijenga.

Kimbilio hufanya kazi iyo hiyo kwa kiasi kidogo. Badala ya jua kuna taa, na badala ya bahari kuna maji ya tangi yanayopita humo mfululizo. Mwani unapokua, nitrati na fosfati huhama kutoka majini na kuwa sehemu ya mwili wake. Unapovunwa, virutubishi hivyo huondoka tangini moja kwa moja.

Wazo hili si geni. Katika miaka ya 1980, mtafiti Walter Adey wa taasisi ya Smithsonian nchini Marekani alijulikana kwa kutumia mwani uliomulikwa kwa taa kusafisha maji ya matangi makubwa yenye miamba ya matumbawe.

Aina ya mwani inayopendwa zaidi siku hizi ni Chaetomorpha, ambayo hufanana na mshipi wa kuvulia uliotatizika. Haina mizizi, haishiki mawe, na huvunwa kwa kunyofolewa tu.

Rangi ya mwanga

Mwani hutengeneza chakula chake kwa usanidimwanga, yaani kwa kutumia nguvu za mwanga kuunganisha maji na hewa ya kaboni. Kazi hiyo hufanywa na klorofili, chembe za kijani ambazo hunyonya zaidi mwanga wa buluu na mwekundu, na kuuacha mwingi wa kijani urudi machoni petu. Ndiyo sababu mwani huonekana wa kijani.

Taa nyeupe ya LED huwa na rangi zote hizo. Ndani yake mna kijiwe kinachotoa mwanga wa buluu, na juu ya kijiwe hicho mna utando unaogeuza sehemu ya buluu hiyo kuwa manjano, kijani na nyekundu. Mchanganyiko huo ndio jicho huuona kama mweupe.

Kwenye paketi ya taa huandikwa nambari inayofuatwa na herufi K, kipimo kiitwacho kelvini. Taa ya 2,700K huwa na weupe wa kimanjano, kama balbu za zamani. Ile ya 6,500K hukaribia mwanga wa mchana. Chaetomorpha hustawi chini ya zote mbili, ila wengi huchagua kati ya 4,000K na 6,500K kwa sababu hurahisisha kutambua afya ya mwani kwa macho.

Taa za buluu kali ambazo humulika tangi kuu zina bei ghali kwa sababu nyingine. Zimekusudiwa matumbawe, ambayo kwa asili hupokea mwanga uliopenya kina cha maji, na maji ya bahari humeza wekundu kwanza na kuacha buluu. Mwani wa kimbilio hauhitaji anasa hiyo.

Vivyo hivyo, taa za zambarau zinazouzwa kwa ajili ya kukuzia mimea hufanya kazi vizuri, lakini chini yake kila kitu huonekana cheusi au cha zambarau. Mfugaji anaweza kukosa kuona kwamba mwani wake umeanza kufa. Ikiwa bei ni sawa, nyeupe ndiyo yenye faida zaidi.

Wati ngapi zatosha?

Tuchukue mfano wa mfugaji wa Mombasa aliye na tangi kuu la lita 200 na kimbilio la lita 30 hivi. Taa ya LED ya kati ya wati 10 na 20, ikiwekwa sentimita 15 hadi 30 kutoka kwa mwani, ni mwanzo mzuri. Hana haja ya kununua ya wati 100.

Umbali una uzito mkubwa kuliko wengi wanavyodhani. Taa ndogo ikisongezwa mbali maradufu, mwanga unaoufikia mwani hupungua hadi karibu robo, si nusu. Kwa sababu hiyo, taa ya bei nafuu iliyo karibu yaweza kuishinda ya bei ghali iliyo mbali.

Mwani wenyewe ndio kipimo bora. Ukikua ukiwa wa kijani kibichi na kuhitaji kuvunwa kila baada ya wiki moja au mbili, mwanga unatosha. Ukibaki kama ulivyo kwa wiki kadhaa huku nitrati zikiwa nyingi, aidha mwanga ni hafifu, maji hayazunguki vya kutosha, au shada limekuwa nene mno hivi kwamba sehemu ya ndani imo gizani.

Ukigeuka mweupe na kuanza kumumunyika, yamkini taa ni kali mno au virutubishi vimekwisha majini. Hapo dawa ni kupunguza saa za mwanga au kuisogeza taa nyuma kidogo, wala si kuongeza nguvu zake.

Kuhusu muda, saa 12 kwa siku zinatosha kuanzia. Huo ndio takriban urefu wa mchana katika maeneo yaliyo karibu na ikweta, Kenya ikiwamo, mwaka mzima. Wapo wanaoongeza hadi saa 16, lakini ni busara kuanza na kiasi na kupandisha polepole.

Gharama ya umeme nayo isisahauliwe. Taa ya LED ya wati 15 inayowaka saa 12 kila siku hutumia uniti 5.4 kwa mwezi wa siku 30. Taa ya halojeni ya wati 100, ambayo mwanga wake hautofautiani sana na wa LED hiyo, hutumia uniti 36.

Tuseme uniti moja, pamoja na kodi na ada zote, inagharimu Sh30. Wa LED atalipa Sh162 kwa mwezi ilhali wa halojeni atalipa Sh1,080. Tofauti hiyo inapita Sh11,000 kwa mwaka. Mtu aliyefurahia halojeni ya bei ya chini dukani atakuwa amejiwekea deni lisilokwisha.

Usiku badala ya mchana

Jambo moja lisilogharimu chochote ni kuchagua saa za kuwasha. Wafugaji wengi wenye uzoefu huwasha taa ya kimbilio wakati taa ya tangi kuu imezimwa, tuseme kuanzia saa moja jioni hadi saa moja asubuhi.

Sababu yake ni hii. Mchana, matumbawe na mwani wa tangi kuu hutumia hewa ya kaboni na kutoa oksijeni. Usiku kazi hiyo husita, lakini samaki, matumbawe na bakteria huendelea kupumua. Hewa ya kaboni huongezeka, hugeuka asidi hafifu majini, na kipimo cha pH hushuka hadi alfajiri.

Mwani wa kimbilio ukimulikwa usiku, huendelea kuinyonya hewa hiyo na kutoa oksijeni. Maji hayayumbi sana kati ya usiku na mchana, na samaki hawapumui kwa shida kunapokaribia kupambazuka.

Ili kazi hii isitegemee kumbukumbu ya mtu, swichi yenye saa huhitajika. Zile za duara za kuzungushwa kwa mkono ni za bei nafuu, ila zina dosari moja: umeme ukipotea kwa saa tatu, nazo huchelewa kwa saa tatu. Baada ya kila kukatika kwa umeme, saa hiyo sharti irekebishwe. Za kidijitali zenye betri ndani huepusha usumbufu huo.

Ni vyema kukumbuka kwamba umeme unapopotea, mwani hauathiriki kwa kukosa mwanga siku moja. Kinachohatarisha maisha ya samaki ni kusimama kwa pampu. Aliye na uwezo wa kununua betri ya akiba aielekeze kwa pampu, si kwa taa.

Taa za kuepukwa

Halojeni ina kasoro zaidi ya gharama. Kioo chake huwa na joto la kutosha kumchoma mtu au kuunguza mbao, na tone la maji baridi laweza kukipasua. Ndani ya kabati lililofungwa, joto hilo huhamia majini.

Kwa mkazi wa Pwani hili si jambo dogo. Mwaka wa 1998, maji ya bahari yalipopata joto kupita kawaida kutokana na El Nino, matumbawe mengi ya pwani ya Kenya yaligeuka meupe na kufa. Ongezeko la nyuzi moja au mbili tu juu ya kiwango cha juu kilichozoeleka latosha kuyadhuru, na katika tangi dogo ongezeko hilo huja upesi kuliko baharini.

Balbu za florisenti, zile zilizopindwa kama chemchemi, zilitumika sana kwa kazi hii miaka ya nyuma na mwani ulistawi. Hata hivyo, zina zebaki ndani yake. Balbu ikivunjika juu ya maji, mfugaji atakuwa ameingiza sumu katika tangi ambalo amelitunza kwa miaka. Sasa ambapo LED zimeshuka bei, hakuna sababu ya kuthubutu.

Za tatu ni taa za utepe zisizofunikwa, zenye vijiwe na madini ya shaba yaliyo wazi. Hewa yenye chumvi huzila mapema. Kutu ya shaba ikidondoka majini huua viumbe wasio na uti wa mgongo kama vile kopepodi, kamba na konokono, ambao ndio kimbilio lilijengwa kuwahifadhi. Anayetaka utepe achague uliofunikwa kwa silikoni pande zote.

Jua la dirishani ni la bure, lakini halina swichi. Hupasha maji moto mchana, huotesha mwani kwenye vioo visivyokusudiwa, na halipatikani usiku linapohitajika zaidi.

Hatari iliyo kabatini

Maji ya chumvi hupitisha umeme kwa wepesi mno kuliko maji ya mferejini. Isitoshe, hayatulii mahali pamoja. Viputo hupasuka na kurusha matone madogo, matone hukauka, na chumvi inayosalia hutambaa polepole juu ya vioo, nyaya na hatimaye soketi. Chumvi hiyo huvuta unyevu hewani, na palipo na unyevu wenye chumvi umeme hupata njia.

Watu wengi huamini kuwa fyuzi iliyo ndani ya plagi itawaokoa. Dhana hiyo ni potovu. Fyuzi hulinda waya usiungue, haimlindi mtu asipigwe na umeme.

Hesabu yake ni wazi. Fyuzi ndogo inayotumiwa nchini kwenye plagi za taa ni ya ampea 3, yaani miliampea 3,000. Umeme wa miliampea 30 tu ukipita kifuani mwa mtu waweza kuvuruga mapigo ya moyo au kumfanya ashindwe kuachilia alichoshika. Mtu aweza kufa akiwa ametumia sehemu moja kwa mia ya umeme unaohitajika kuikata fyuzi hiyo.

Kifaa kinachomlinda mtu ni swichi ya kukata umeme unapovuja, ambayo mafundi huiita RCD. Hulinganisha umeme unaokwenda na unaorudi. Ukipungua kwa miliampea 30, kwa maana kwamba kiasi hicho kimepata njia nyingine, pengine kupitia mwili wa mtu, hukata kwa sehemu ndogo ya sekunde.

Nyumba nyingi mpya huwa nayo kwenye kisanduku kikuu cha umeme, ila kuukuu nyingi hazina. Ipo pia ya kuchomekwa kwenye soketi moja, ambayo hata mpangaji anaweza kuinunua na kuhama nayo. Ina kitufe cha majaribio ambacho kinafaa kubonyezwa kila mwezi. Isipokata, haifai kutegemewa.

Panapowezekana, taa na pampu ziwe na RCD tofauti. Taa ikiingia maji usiku wa manane na kukata umeme, pampu itaendelea kuzungusha maji na samaki watasalimika hadi asubuhi.

Kuchagua na kuifunga

Taa za LED za kumulika ua, zenye umbo la kisanduku bapa, ndizo zinazopendelewa na wengi kwa kuwa zimefungwa dhidi ya mvua. Mnunuzi atazame alama ya IP kwenye paketi. Tarakimu ya kwanza huhusu vumbi, ya pili maji. IP65 ina maana kwamba vumbi halipenyi na taa hustahimili maji yanayorushwa kutoka pande zote. IP67 huweza hata kutumbukia kwa muda mfupi.

Tahadhari ni kwamba alama hizo hupimwa kwa maji yasiyo na chumvi. Hazisemi lolote kuhusu kutu. Kwa hiyo taa ya IP65 nayo ipanguswe kwa kitambaa chenye unyevu kila wiki, ikiwa imezimwa na kuchomolewa, na ibadilishwe pindi skrubu au fremu inapoanza kulika.

Taa nyingi za aina hii huuzwa bila plagi, zikiwa na nyaya tatu tu zinazoning'inia. Wa kahawia ndio wenye umeme, wa buluu ni wa kurudisha, na wa kijani na manjano ni wa ardhini. Huo wa tatu hukatwa na mafundi wa kubahatisha kwa kudhani hauna kazi, ilhali mwili wa taa ni wa chuma. Ukiunganishwa ipasavyo, RCD hukata mara tu chuma hicho kinapopata umeme. Usipounganishwa, RCD hungoja hadi mtu akiguse.

Kazi hiyo ifanywe na fundi aliyesajiliwa na Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Petroli (EPRA), na plagi itiwe fyuzi ya ampea 3, si ile ya 13 inayokuja nayo. Bidhaa zenyewe ziwe na alama ya Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa (KEBS).

Chaguo jingine salama ni taa ya volti 12 yenye adapta. Umeme mkali hubaki kwenye adapta, nao ule dhaifu ndio unaokaribia maji. Faida hiyo hupotea iwapo adapta itawekwa sakafuni mwa kabati, mahali ambapo maji yakimwagika hukusanyika. Adapta na soketi zote zifungwe juu ukutani, nje ya kabati ikiwezekana.

Kila waya unaotoka tangini ushuke chini ya kiwango cha soketi kabla ya kupanda kuingia ndani yake. Tone linaloteleza juu ya waya litafika kwenye kipinde hicho na kudondoka sakafuni badala ya kufuata waya hadi kwenye plagi. Njia hii haigharimu chochote.

Taa isishikiliwe kwa kibanio cha springi juu ya maji, kwani springi hushika kutu na kulegea. Ifungwe kwa skrubu na iongezewe mnyororo mwepesi.

Aidha, ipo njia iliyo salama zaidi ambayo wengi hawaifikirii. Taa si lazima ikae juu. Ukuta wa kimbilio ni kioo, na mwanga hupita kiooni. Taa ikisimamishwa kando, nje ya tangi, ikimulika mwani ubavuni, haina pa kutumbukia hata ikianguka. Kinachohitajika ni kukisugua kioo mara kwa mara ili kisitande ukungu.

Mwisho kabisa, taa na pampu za kimbilio zizimwe na kuchomolewa kabla ya mkono kuingia majini, hata kama ni kwa kazi ya sekunde tano.

Mwani usiachwe utoroke

Kuvuna si sehemu ya hiari. Thuluthi moja hadi nusu ya shada iondolewe kila linapojaa. Mwani usiovunwa hufa, huoza, na kurudisha majini virutubishi vyote uliokuwa umevibeba, na gharama ya taa huwa imekwenda bure.

Unaovunwa usitupwe mtoni, baharini wala kwenye mtaro. Mwaka wa 1984, mwani aina ya Caulerpa taxifolia ulionekana baharini karibu na jumba la makumbusho ya bahari la Monaco, na baadaye ukatapakaa sehemu nyingi za Mediterania. Mwaka wa 2000 ulipatikana katika wangwa mmoja kusini mwa California, na iliwagharimu wakuu wa huko mamilioni ya dola na miaka sita kuutokomeza. Mwani huo ulikuwa ukifugwa matangini. Ni heri ukaushwe juani na kutupwa na taka, au usuuzwe vyema na kuchanganywa kwenye mboji.

Caulerpa ina ila nyingine. Inapofadhaika, hupasuka na kutoa mbegu zake zote kwa pamoja, maji yakageuka kama maziwa na oksijeni ikapungua. Chaetomorpha haina tabia hiyo ya ghafla, na hustahimili giza la saa 12 bila tatizo.

Mbegu ya mwani ipatikane kwa mfugaji mwenzake au muuzaji halali. Kung'oa mwani au kuokota mawe katika hifadhi za baharini kama Malindi na Watamu, zilizoanzishwa mwaka wa 1968, ni hatia.

Kwa anayeanza leo, basi, mpangilio wa ununuzi uwe huu. Kwanza RCD, kisha fundi wa kuunganisha waya wa ardhini, kisha swichi yenye saa, na mwisho taa nyeupe ya LED ya wati 10 au 20. Akiona fedha hazitoshi kununua vyote kwa pamoja, na asubiri kununua taa. Maji ya tangi yaweza kubadilishwa kwa ndoo kwa mwezi mmoja zaidi bila samaki kudhurika, lakini aliyepigwa na umeme kabatini huenda asipate nafasi ya pili.